Mrejesho: zamu za kumwangalia mama, Emuhaya, Kaunti ya Vihiga, Kenya

Wapendwa, asanteni sana. Niliwauliza nifanyeje na mama aliyepooza upande mmoja, nami niko peke yangu. Nilifuata ushauri wa kuanza na mhudumu wa afya ya jamii, kwa kuwa ndiye anayezijua nyumba zenye wagonjwa. Alituunganisha familia nne zenye wagonjwa. Sasa tunapokezana: kila Jumanne jirani humgeuza mama na kumpaka mafuta mgongoni, nami naenda soko la Luanda, hapa Vihiga. Vidonda alivyopata kwa kulala muda mrefu vimekauka! Presha anapimiwa nyumbani, kwa mashine iliyomo kwenye mkoba wa vifaa ambao serikali iliwagawia wahudumu wa afya ya jamii 2023.

Chama cha kuchanga mia mia za nauli ya kliniki kilikufa mwezi wa pili; pesa hakuna. Wanaume nao bado hawaji kushika zamu. Hata hivyo, zamu hazijakatika hata wiki moja.