Naomba ushauri: kasha la kamera linavuja hata kabla ya kuiona bahari

Wadau, mimi ni fundi mitambo hapa Kariobangi. Rafiki yangu mtafiti wa bahari kule Kilifi anataka kamera ya kushusha mita 200, na huko shinikizo ni kama mara 21 ya lile la ufukweni. Yeye anataka kioo kipana aone samaki vizuri. Mimi nalia na unene wake!

Nimelijaribu kasha ndani ya bomba la chuma kwa pampu ya mkono. Kufika baa 12 (kama mara 12 ya shinikizo la hewa ya ufukweni), maji yakajipenyeza, kamera kwisha. Nilipofungua nikakuta chenga ya chuma, nyembamba kama unywele, imenasa kwenye oringi, ile pete ya mpira ya kuzuia maji. Sasa niweke oringi mbili, au nijaze kasha mafuta ili yahimili shinikizo la maji? Ila lenzi ndani ya mafuta si itaona ukungu tu? Aliyewahi kuifanya kazi hii anielekeze, mwezi ujao tunashuka Kilifi.