Yah: Tiketi mbili za bei nafuu hadi Dar, na marejesho ya APD (kodi ya abiria wa ndege Uingereza)

Kutoka: Dada wa Reading

Ndugu zangu wanajumuiya, salaam.

Naomba msaada wa yeyote aliyewahi kupambana na ofisi ya marejesho ya shirika la ndege. Mama yangu alikuja kututembelea, na katika kupunguza gharama za kumrudisha nyumbani nilimkatia tiketi mbili mbalimbali: moja ya kutoka London hadi mji mmoja wa Ghuba, na nyingine ya shirika la bei nafuu kutoka hapo hadi Dar es Salaam. Kaunta ya London ilimkatalia kwa sababu hakuwa na viza ya nchi ya katikati, ingawa asingetoka nje ya uwanja. Mashirika yote mawili yamemwandika kuwa abiria ambaye hakutokea, na kila nikiandika najibiwa kwa barua ileile. Swali langu ni moja tu: nauli ikipotea, APD nayo inapotea, au kuna fomu ya kuidai? Mama amekwisha fika salama kupitia Addis Ababa, kwa hiyo sihitaji ushauri wa njia.

Kutoka: Mzee wa Milton Keynes

Pole sana, binti yangu, na mama apokee salamu zetu. Hata hivyo, si kweli kwamba asingetoka nje ya uwanja. Mashirika mengi ya bei nafuu huuza kila kipande cha safari peke yake; ramani yao ina mistari mingi inayokutana mji mmoja, lakini kukutana kwa mistari hakumaanishi kwamba mzigo wako utahamishwa kutoka ndege hadi ndege. Mwenye tiketi mbili huingia nchini rasmi, huchukua mabegi yake kwenye mkanda, kisha hujiandikisha upya, na shirika likimpeleka abiria asiye na viza ndilo linalobeba gharama ya kumrudisha. UK261, sheria ya Uingereza ya fidia kwa abiria wa ndege, usihangaike nayo, kwa kuwa inamtenga waziwazi abiria aliyezuiwa kwa upungufu wa hati za kusafiria.

Mimi mwenyewe niliwahi kupotelewa na begi katika safari ya namna hiyo, na kila shirika likamsukumia mwenzake lawama, hata nilipowaonyesha PIR, ile ripoti ya begi lililopotea inayoandikwa uwanjani. Mkumbuke kwamba Mkataba wa Montreal unatoa siku 7 tu za kulalamika kwa maandishi kuhusu begi lililoharibika, na 21 kwa lililochelewa.

Kutoka: Bin Mvita, Sharjah

Mzee wangu, shikamoo. Naomba nikusahihishe, kwa sababu umewatia wote katika chungu kimoja. flydubai, iliyoanza kuruka mwaka 2009 kwa Boeing 737 pekee, imekuwa ikishirikiana na Emirates tangu 2017. Mtu wa London anaweza kukata tiketi moja, PNR (namba ya uhifadhi wa safari) moja, akaja Dubai kwa Emirates na kumalizia kwa flydubai hadi Zanzibar, na begi lake likaandikiwa hadi mwisho. Tangu Januari 2024 wanatua Mombasa pia, na sisi wa Mvita tuliozoea kupitia Nairobi tunajua maana yake. Hapa Sharjah, Air Arabia, iliyoanza 2003, inakwenda Nairobi na Entebbe. Tatizo si bei nafuu. Tatizo ni tiketi mbili.

Kutoka: Mzee wa Milton Keynes

> Tatizo si bei nafuu. Tatizo ni tiketi mbili.

Marahaba, lakini hicho ndicho nilichokisema. Dada amekwisha nunua tiketi mbili, na ushirikiano wa Emirates hauwezi kumfaa sasa.

Kutoka: Msukuma wa Leeds

Wazee wangu, kiini cha yote haya ni kwamba hakuna shirika la bei nafuu linalotufikisha nyumbani moja kwa moja. London hadi Dar ni kama kilomita 7,500, ambazo Boeing 737 ya kawaida haiwezi kuzimaliza. Shirika la bei nafuu la Wizz Air lilipoanza Gatwick–Jeddah mwaka 2025, njia lililoitangaza kwa A321XLR, ndege ya Airbus ya masafa marefu, wengi walisema sasa zamu yetu inakuja, maana kwenye karatasi ndege ile hufika kilomita 8,700. Miezi michache baadaye kampuni hiyohiyo ikafunga kituo chake cha Abu Dhabi, ikitaja miongoni mwa sababu injini zisizostahimili joto na vumbi. Mimi sitarajii kitu.

Hata ndani ya Tanzania tulikuwa na shirika la bei nafuu, likatuponyoka. fastjet ilipoanza Novemba 2012, Dar–Mwanza ilitangazwa kuanzia dola 20 kabla ya kodi, na watu ambao hawajawahi kupanda ndege wakaenda msibani kwa ndege na kuwahi maziko. Kufikia mwisho wa 2018 ilikuwa imesimama. Serikali ikaweka fedha zake Air Tanzania, ambayo Desemba 2024 ilipigwa marufuku katika anga ya Umoja wa Ulaya, na Juni 2025 marufuku hiyo ikayakumba mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania. Hapo nani atashusha nauli?

Kutoka: Bin Mvita, Sharjah

Uingereza ina orodha yake yenyewe tangu ijitoe katika Umoja huo, kwa hiyo tusichanganye mambo. Kenya ina Jambojet tangu 2014, na ni mali ya Kenya Airways, shirika ambalo serikali ina hisa ndani yake. Mkono wa serikali peke yake hauui bei nafuu.

Kutoka: Mtu wa Goma, Lyon

Ndugu Bin Mvita, usemi wako kwamba tiketi moja inamaliza tatizo ni wa wenye pasipoti zenu. Mwenye pasipoti ya Kongo anayebadilisha ndege katika uwanja wa Schengen hudaiwa ATV (viza ya kupita uwanjani) hata kama hatoki nje, isipokuwa awe na kibali kinachomwondolea sharti hilo, na tiketi moja haimsaidii. Jambojet mnayoisifu ilifika kwetu Goma mwaka 2021 na haikudumu, na uwanja wenyewe ulifungwa tangu mapigano ya Januari 2025. Sasa ndugu zangu hushukia Kigali na kumalizia kwa barabara.

Kutoka: Dada wa Reading

Nawashukuru nyote kwa dhati. Lakini APD? Kwa daraja la kawaida, umbali wa maili 2,001 hadi 5,500, ni pauni 90 kwa tiketi za mwaka ule wa kodi ulioanza Aprili 2025, nami sioni kwa nini shirika libaki nazo ikiwa mama hakuruka.

Kutoka: Mzee wa Milton Keynes

Usiwaandikie HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, kwa sababu wao hawamlipi abiria. Dai ni kwa shirika, nalo aghalabu hukata ada ya kushughulikia dai. Soma masharti ya tiketi yako.

Kutoka: Dada wa Reading

Nimeyasoma. Yanasema nijaze fomu, ila fomu yenyewe haifunguki.

Kutoka: Bin Mvita, Sharjah

Mtu wa Goma, kwa ndugu wanaotoka huku Ghuba, Entebbe kwa Air Arabia mara nyingi huwa rahisi kuliko Kigali, ingawa mpaka wa Bunagana, wa Uganda na Kongo, lazima uulizie hali yake siku hiyohiyo. Wana safari lini?