Tupeane uzoefu: klabu ya Toastmasters ilikufundisha nini kuhusu kusimama mbele za watu?

Mkazi wa Tabata
Wakuu habari za jioni. Leo nilikuwa kikao cha wazazi shuleni kwa binti yangu. Mwenyekiti wa kamati hakutokea, mwalimu mkuu akaangaza macho huku na huku, mwisho akaniambia, "Baba, hebu tuongozee." Ajenda ilikuwa uji wa watoto, matundu ya vyoo, mitihani na mengineyo. Tumemaliza adhuhuri haijaingia, na mama mmoja aliyekaa nyuma kabisa, ambaye kila kikao huwa anatoka bila kusema neno, ndiye aliyetoa wazo la vyoo tulilolipitisha. Nilimwona kanyanyua kidole nusu akakishusha, nikamrudia.

Hilo la kumwona mtu anayesita sikulijua kabla ya klabu yetu ya Toastmasters, ile ya jioni baada ya kazi. Walimu wangu wa chuo wanisamehe, lakini ndiyo hali halisi. Waliopitia huko njooni, mema na mabaya, yote semeni.

Kalamu Nyekundu
Umenikumbusha mbali mkuu. Kadi nyekundu ya mtunza muda ikiinuliwa ndipo unagundua kile ulichokuja kusema bado hujakisema.

Mgeni Mwalikwa
Sisi tusiojua mtufafanulie. Ni semina za hamasa zile za kulipia kiti cha mbele?

Mtunza Muda
Hapana ndugu, ni klabu za kufanya mazoezi ya kuhutubia na kuongoza, hakuna mhamasishaji wala mwalimu. Ilianza mwaka 1924 huko Santa Ana, California, kwenye jengo la YMCA. Bwana Ralph Smedley aliwaona vijana wengi pale hawawezi kuendesha kikao wala kutoa hotuba, akawaweka wafundishane wenyewe. Hadi leo ni hivyo hivyo. Kila kikao kina majukumu na yanazunguka. Leo wewe unaongoza ratiba, kikao kijacho unashika saa, kingine unamtathmini mwenzako kwa dakika mbili hadi tatu. Yupo anayehesabu kila "aaa" na kila "yaani" yako, mwisho anasoma idadi mbele ya wote.

Hotuba yako ya kwanza, Ice Breaker, ni ya kujieleza wewe ni nani, dakika nne hadi sita. Mshika saa ana kadi tatu: ya kijani ikiinuliwa umetimiza muda wa chini, ya njano funga mzigo, nyekundu umekwisha. Kisha kuna Table Topics, unaitwa palepale, unapewa swali ambalo hukulijua, unajibu kwa dakika moja hadi mbili. Kuna programu ya mafunzo inaitwa Pathways, ina ngazi tano, na huko juu unapewa kazi za kuongoza watu kabisa, siyo kuongea tu.

Fundi Mita
Nilitaka nipite kimya ila hiyo Table Topics imenigusa.

Mimi nina kigugumizi tangu utoto. Shuleni nikiitwa kusoma, darasa zima linanisaidia kumalizia neno. Kazini nilikuwa naandika ujumbe kwa mtu aliyekaa meza ya pili ili nisimwite. Bosi wetu akanipeleka klabuni kama mgeni, akasema kaa tu usikilize. Nikakaa karibu na mlango.

Yule dada wa Table Topics akasema wageni nao wanakaribishwa kama wanapenda. Sijui nini kilininyanyua. Swali lilikuwa, "Tueleze kuhusu kitu ulichotengeneza kwa mikono yako." Jepesi kabisa, kazi yangu ndiyo hiyo. Nikafungua mdomo niseme "kabati", ile "k" ikakataa. Nikaisukuma, shingo ikakaza, jicho la kushoto likaanza kupepesa. Nikaona mtunza muda ameshika kadi ya kijani magotini. Nilingoja lile neno lisemwe na mtu wa mbele kama darasani.

Hakuna aliyelisema. Wakuu, ukumbi mzima ulikaa, watu wananitazama usoni, wamekunja mikono, hawana haraka. Neno likatoka lenyewe. Nikasema kabati la mama, nikasema mninga tuliununua wapi, bawaba nilizikosea nikazifunga upya. Kadi ya kijani ikapanda na mimi bado naongea.

Wakati wa ripoti, yule mhesabuji alisoma majina yote na "aaa" zao. Kwangu akasema, "Mgeni wetu, sifuri. Kigugumizi si kujaza nafasi." Bado ninacho, jamani, hakijaondoka. Ila siku hizi naita watu kwa majina yao.

Dada wa Hesabu
😭😭 Kaka.

Kalamu Nyekundu
Fundi, bingwa wa dunia wa Toastmasters wa mwaka 2015, Mohammed Qahtani wa Saudia, naye alikuwa na kigugumizi utotoni. Usirudi nyuma.

Msemakweli wa Pwani
Mazuri nimeyasikia. Sasa niseme langu: kwa nini klabu nyingi za kwetu ni Kiingereza kitupu? Nilikwenda moja, mtu ananichambua "the" na "a" badala ya hoja yangu. Tunajifunza kuongea na nani? Kikao cha mtaa kinaendeshwa kwa Kiingereza?

Afisa Mikopo
Wengine tunaenda kwa sababu ya Kiingereza. Usaili wa kazi, wafadhili, mikutano ya kanda, vyote hivyo ni Kiingereza. Ukitaka Kiswahili, misibani na harusini tunakiongea kila wiki.

Msemakweli wa Pwani
Kukiongea na kukihutubia ni vitu viwili. Nenda harusini usikilize mlezi wa bwana harusi anavyozunguka nusu saa hajafika kwenye "nawatakia heri". Na hakuna kanuni inayozuia klabu kutumia lugha yake, Ufaransa wanafanya kwa Kifaransa.

Afisa Mikopo
Basi anzisheni. Klabu mpya inataka wanachama ishirini na kila mmoja alipe. Tuone mkilipa.

Binti wa Mwisho
Afisa Mikopo umetaja misiba. Ngoja niseme jambo ambalo sijawahi kuliandika popote.

Tulimzika baba kwetu Rombo. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyepangwa kusoma wasifu wa marehemu. Alikwenda vizuri, kuzaliwa, shule, kazi za reli, hadi akafika "ameacha mjane, watoto watano na wajukuu". Pale pale kutoka upande wa migomba mama mmoja akasimama, kashika mikono ya watoto wawili wamevaa sare za shule. Akasema kwa sauti, "Na hawa?"

Kila mtu aligeuka. Kaka akanyamaza, ile karatasi inatikisika hadi maiki inanasa mlio wake. Mchungaji kamtazama mzee wa ukoo, mzee wa ukoo katazama chini. Kwaya wakataka kuanzisha wimbo wazibe. Shangazi mmoja tayari alikuwa anavua kanga ajifunge kiunoni, na kwetu mkiona hivyo mnajua kinachofuata.

Nikaenda nikachukua maiki mkononi mwa kaka. Sikuwa na maneno. Nilichokuwa nacho ni mazoea ya Table Topics: usianze kabla hujavuta pumzi, mtazame aliyeuliza, jibu kile unachokijua tu. Nikamtazama. Nikasema, "Mama, nimekusikia. Hapa kaburini hatutamkana mtu, na hatutathibitisha jambo ambalo familia haijakaa. Jioni hii wazee wa ukoo watakukaribisha nyumbani kwa baba. Watoto wasisimame juani, waje wakae hapa kwenye turubai." Kisha nikamwomba mchungaji aendelee.

Yule shangazi akaketi. Watoto wakaja, wakakaa mstari wa pili nyuma ya mama yangu. Mama hakugeuka, ila alisogeza kiti chake kidogo, yule mdogo apate pa kuweka miguu. Baadaye tulikuja kujua kwamba mama alijua siku zote.

Dada wa Hesabu
Nimesoma nimesimama. Pole sana dada.

Mwenye Shamba
Mimi sikubaliani. Mjane ndiyo kwanza anamzika mumewe, unamwekea watoto wa mwanamke mwingine mgongoni? Ungewaacha walipo, mengine yangesubiri arobaini.

Mama wa Pacha
Mwenye Shamba, wale ni watoto. Juani, na sare zao, baba yao anafukiwa. Ungeweza wewe?

Mwenye Shamba
Nazungumzia heshima ya mjane.

Mama wa Pacha
Mjane kasogeza kiti. Soma tena.

Mtunza Muda
Binti, samahani kwa swali la kikatibu. Kile kikao cha jioni mliandika muhtasari? Mkifungua mirathi mahakama ya mwanzo wataudai, na waliohudhuria wawe wamesaini.

Binti wa Mwisho
Niliuandika mimi. Nilikuwa katibu wa klabu mwaka ule, kwa hiyo nilijua pa kuanzia: waliohudhuria, hoja, nani amesema, nini kimeamuliwa. Wazee walitaka waamue kwa mdomo tu. Nikawaomba niwasomee kila uamuzi kabla ya kwenda mwingine. Walipingana usiku mzima lakini walisaini wote, na watoto wale majina yao yamo.

Mkazi wa Tabata
Aisee. Hili ndilo nililokuwa nalitafuta kulisema kuhusu kile kikao cha shule nikashindwa. Watu wanadhani unaenda kujifunza kupendeza jukwaani. Unaenda kuzoea kusikiliza huku moyo unakwenda mbio.

Kijana wa Nyakato
Mimi ni mpya, nina Ice Breaker Alhamisi. Niikariri yote au?

Afisa Mikopo
Kariri. Neno kwa neno. Ukiogopa, mdomo unajiendesha wenyewe.

Fundi Mita
Usikariri! Neno moja likikwama yanaanguka yote. Shika mwanzo na mwisho, katikati beba vituo tu.

Kalamu Nyekundu
Watazame kwenye paji la uso, hawatajua.

Mama wa Pacha
Wanajua. Chagua mtu mmoja mwenye sura nzuri, mwambie yeye, kisha hamia kwa mwingine. Na usinywe soda kabla, utanikumbuka.

Mgeni Mwalikwa
Na hela? Mtaje hela, hapo ndipo mnapopita haraka.

Mtunza Muda
Dola 20 za kuingia mara moja, kisha dola 60 kwa kila miezi sita, zinakusanywa kabla ya Aprili na kabla ya Oktoba. Klabu nyingine zinaongeza kidogo za ukumbi.

Msemakweli wa Pwani
Kwa mwalimu wa msingi hiyo ni mzigo mkubwa. Msiseme ni ya kila mtu.

Afisa Mikopo
Hapo nakubaliana na wewe kwa mara ya kwanza leo. Sisi ofisi inatulipia, nisingeiweza mwanzoni.

Mtunza Muda
Ndiyo maana nawaambia watu waanze kama wageni, mgeni halipi kitu. Na kama hamna uwezo, wekeni utaratibu uleule kwenye vikoba vyenu au kwaya: mtunza muda, mtathmini, zamu zizunguke. Kinachofundisha ni ile zamu.

Msemakweli wa Pwani
Sawa. Kikundi chetu cha Kigamboni tunakutana Jumapili baada ya saa kumi, kwa Kiswahili, na kadi tutakata za maboksi. Anayetaka aje, ila Binti wa Mwisho nakuomba uje siku ya kwanza, utufundishe muhtasari.

Binti wa Mwisho
Nitakuja. Kijana wa Nyakato, baada ya Alhamisi urudi hapa utueleze.

Kijana wa Nyakato
Nitarudi. Bado sijaelewa, nikariri au nisikariri?