Amplifaya za valvu za msikitini kuwa ampu za gitaa: ipi igeuzwe, kwa njia gani?

Nyuzi_Wete
Assalamu alaykum mafundi. Zipo amplifaya mbili za valvu (bomba za kioo), za zile zilizokuwa zikiendesha honi za msikiti na mikutano ya hadhara.

Ya kwanza ni kubwa: valvu za nguvu EL34 mbili, valvu ndogo za kukuza ECC83 tatu, nyuma ina terminali za omu 0, 4, 8, 16 na ya 100V (laini ya honi). Ya pili ni ndogo: valvu za nguvu EL84 mbili, ECC83 mbili, bati lake limeandikwa 15W, nyuma ina 100V peke yake. Zote hazijawashwa miaka mingi. Spika iliyopo ni moja ya gitaa, inchi 12, omu 8.

Njia zinazotajwa ni tatu. (a) Kutoigusa ndani, kuingiza pedali ya gitaa kwenye AUX (ingizo la ziada). (b) Kufunga transfoma ya laini, ile inayokaa ndani ya honi, kati ya 100V na spika. (c) Kutoa transfoma ya autiputi (ile iliyo kati ya valvu za nguvu na spika) na kuweka nyingine. Ipi inafaa kwa mashine ipi?

FundiMalindi
Waalaykum salaam. Swali lako limejijibu nusu kwa zile terminali. Kubwa ina tepu (tawi la transfoma) ya omu 8, basi haihitaji (b) wala (c). Spika iende 0 na 8, kazi ibaki upande wa kuingilia sauti. Ndogo ndiyo yenye mjadala.

Ila (a), kwa maana ya kutofungua kabisa, mimi siikubali kwa mashine iliyolala miaka. Kapasita za karatasi na nta zimeshavujisha, na kwa hewa yetu ya chumvi ni karibu zote. Ile inayotoka anodi (bamba, linapotokea sauti) ya ECC83 kwenda gridi (inapoingilia sauti) ya EL34 ikivujisha, gridi inapata voltiji chanya, valvu inavuta mkondo kupita kiasi, bamba linakuwa jekundu, na transfoma ya autiputi inaungua pamoja nayo. Toa EL34, washa, pima DC kwenye gridi ya soketi. Bayasi (voltiji inayozuia mkondo wa valvu) ikiwa ya kathodi, yaani ya rezista kwenye mguu wa kathodi, isome sifuri. Ikiwa ya voltiji hasi, isome ile hasi yake kamili, isivutwe kwenda juu. Usibahatishe kwa moja moja, badilisha zote: 0.022 µF, 630V, za plastiki. Na kapasita kubwa za saplai nazo, 47 µF 450V zinatosha, mradi voltiji ya DC bila valvu za nguvu haipiti 450.

Kuwasha mara ya kwanza: taa ya waya ya 100W mfululizo na umeme, si LED. Valvu za nguvu ziwe nje. Taa iwake kidogo kisha ififie. Ikibaki kali, kuna shoti, zima.

Chake_Transfoma
Niongeze kabla ya taa: pima unyevu. Transfoma zilizokaa stoo za pwani hunyonya maji. Mega (kipimo cha insulesheni) ya 500V kati ya kila waya wa transfoma na chesisi (bati la mashine), nyaya zake zikiwa zimefunguliwa. Chini ya megaomu 10 usiiwashe. Ifunge kwenye sanduku na taa ya 60W kutwa kucha, pima tena. Ikipanda, ipake vanishi. Isipopanda, insulesheni imekufa.

Na tazama tepu ya umeme. Zetu ni 230V, mara nyingi soketini unasoma 240. Mashine ikiwa imewekwa 220, hita (nyaya za kupasha valvu) zinapata karibu 6.9V badala ya 6.3, na valvu zinazeeka haraka. Iweke 240 kama tepu ipo.

Nyuzi_Wete
Shukrani maalim zangu. Kwa ile ndogo, (b) inapunguza nini hasa?

FundiMalindi
Besi na nguvu. Waya mzito wa gitaa uko 82 Hz. Transfoma ya honi imetengenezwa kwa sauti ya mtu anayesema, chuma chake ni kidogo, kinashiba kwenye noti za chini, na unasikia mkoromo mchafu usiotoka kwenye valvu. Ukiongeza kwamba unapita transfoma mbili, ladha ya EL84 inapotea njiani. Mimi naona ni njia ya kujaribia tu.

Chake_Transfoma
Hapo nakupinga kidogo, sheikh. Transfoma ya laini ya 30W, ukitumia tepu yake ya 15W, chuma hakishibi haraka. Kosa la watu ni tepu. 100V kwa 15W ni omu 667 (100 × 100 ÷ 15). Ukichagua tepu ya 5W, valvu zinaona mzigo wa omu 2,000, mara tatu ya unaotakiwa, na sauti inakuwa ndogo na kavu. Ukichagua ya 30W, mzigo unashuka nusu na valvu zinapata moto.

Kabla ya kununua (c), hakikisha kwanza transfoma iliyopo ni nzima. Valvu nje, plagi ya umeme nje, ingiza 6.3V AC ya transfoma nyingine kwenye terminali za 100V, pima kati ya anodi mbili. EL84 mbili hutaka mzigo wa takriban omu 8,000 (8k), kwa hiyo usome karibu 22V.

Nyuzi_Wete
Imesoma 21.5V. Kila anodi hadi waya wa kati wa transfoma ni sawa sawa.

Chake_Transfoma
Uwiano 3.4, mraba wake mara 667 ni kama 7.7k. Nzima. Anza na (b). Ukiwa na fundi wa kusuka transfoma anayeaminika, mpe 8k kwa omu 8, 15W, hadi 80 Hz, uifunge baadaye.

Mdundo_Unguja
Mimi ningeigeuza hiyo ndogo kwanza, si kubwa. EL84 mbili zenye bayasi ya kathodi ndio muundo wa ampu ya gitaa ya Vox AC15, na 15W kwa spika ya inchi 12 zinajaza ukumbi. Rezista ya pamoja ya kathodi weka omu 130, 5W au zaidi. Isome kama 10V. Ukipata 13V na zaidi, valvu zinachomwa.

Upande wa kuingilia ni uleule kwa zote mbili. Toa transfoma ndogo ya maikrofoni, gitaa halitaki omu 200. Weka jeki ya 6.35 mm, rezista 1M kwenda ethi, 68k kwenda gridi ya ECC83, na hiyo 68k ilehemiwe kwenye mguu wa soketi, isikae kwenye jeki, la sivyo utasikiliza redio. Kathodi 1.5k na 25 µF, anodi 100k. Waya wa jeki uwe wa kinga, ethi ya kinga upande mmoja tu, ndio dawa ya mvumo.

Toni za PA (amplifaya za hadhara kama hizi) ni tambarare mno kwa gitaa. Kwenye kubwa weka mpangilio wa toni wa ampu za gitaa za Marshall: kapasita 470 pF, rezista 33k, kapasita mbili za 0.022 µF, vidhibiti vya trebo 220k, besi 1M, kati 25k.

Oud_na_Gitaa
Kaka Mdundo, kwa gitaa la taarabu mpangilio huo unaondoa sauti nyingi ya kati, na gitaa linapotea chini ya violini na kodiani. Kwa kazi hiyo acha toni za zamani, badilisha ingizo tu.

Hata fidibeki (sauti ya autiputi inayorudishwa nyuma kwenye mashine) iachwe. PA zina nyingi, ndiyo inayofanya sauti iwe safi na ngumu. Anayetaka mkwaruzo wa dansi aweke swichi ya kuikata. Na ukibadilisha transfoma ya autiputi ikapiga yowe mara tu inapowaka, si ubovu: fidibeki imegeuka. Zima, subiri, toa chaji ya kapasita kwa rezista ya 10k 5W, kisha badilishana waya mbili za anodi.

FundiMalindi
Na plagi iwe ya waya tatu, ethi kwenye bolti yake peke yake kwenye chesisi. Nyingi za zamani zina waya mbili na kapasita kutoka umeme kwenda chesisi. Hiyo kata kabisa. Mpigaji anashika nyuzi za chuma huku mdomo uko kwenye maikrofoni ya mashine nyingine.

Mdundo_Unguja
Jeki ya spika iwe ya kujifunga shoti spika ikichomolewa. Ukipiga bila spika, voltiji inaruka kwenye transfoma na kutoboa insulesheni, na soketi ya EL34 inaacha mstari mweusi wa moto kati ya mguu wa 3 na wa 2. Ukiuona mstari huo, soketi haisafishiki, badilisha.