Maua ya mikorosho yamekauka, mtu anashukuruje?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mkulima wa Newala ambaye ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, umemkaushia maua, na ada inadaiwa, aanzie wapi kushukuru?

Jibu, Masasi: Aanze na kilio, ndugu yangu. Zaburi 13 ina mistari 6: 1–2 inauliza "hata lini" mara 4, 3–4 inaomba, 5–6 ndiyo inatumaini. Aisome kwa sauti, polepole. Wengi hurukia wa 5, ndiyo maana shukrani inakuwa kavu mdomoni.

Jibu, Lindi: Habakuki 3:17 inautaja mtini, mzabibu, mzeituni, hata zizi tupu. Naye aitaje mikorosho yake. 1 Wathesalonike 5:18, kwa Kigiriki, ni kushukuru *katika* kila jambo. Ubwiriunga wenyewe haushukuriwi.

Jibu, Mtwara: Na anayemwambia "shukuru tu" atangulize kilo 2 za unga.