Land Rover ya Mikindani: tutengeneze au tuuze? (Kundi la ukoo)

Mpwa Newala: Shikamooni wakubwa. Ile Land Rover Defender 110 ya babu pale Mikindani pwani, kuna mtu anaitaka kwa milioni 8 kama ilivyo. Mimi naona tuitengeneze. Msimu wa korosho unakaribia na njia za mchanga huku zinaitaka gari ya namna hiyo. Injini inawaka, bodi haina kutu hata kidogo.

Mjomba Fundi: Marahaba njomba. Chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari zima, umeigonga?

Mpwa Newala: Bado mjomba. Nimeangalia bodi tu.

Mjomba Fundi: Bodi haiwezi kukuambia kitu, ni aluminiamu. Tangu Land Rover za kwanza za 1948 walitumia aluminiamu kwa sababu Uingereza chuma kilikuwa kwa mgao baada ya vita. Chesisi ndiyo chuma, boksi la bati la milimita 2 hivi. Tope na mchanga wenye chumvi vinaingia kwenye matundu yake na kukaa humo, kwa hiyo inaliwa kuanzia ndani. Kwa nje unaona rangi nzuri, kumbe iliyobaki ni rangi yenyewe.

Mama Mdogo: Tuambiane gharama mapema. Kwenye mfuko wa ukoo kuna milioni 12, na ada za watoto zipo Januari.

Kaka Dar: Shikamoo mama mdogo, shikamoo mjomba. Wazo langu tuanze na rangi na viti, ipendeze, halafu tuuze kwa bei ya juu. Watu wa nje wanazitafuta. Kiwanda cha Solihull kilifunga uzalishaji wa Defender Januari 2016, na Marekani gari ikishapita miaka 25 inaruhusiwa kuingia kirahisi. Yetu ni ya 1996.

Mjomba Fundi: Marahaba. Mnunuzi wa namna hiyo anaingia uvunguni kwanza na tochi. Akiona viraka juu ya kutu na rangi mpya juu yake, anajua anafichwa kitu na bei inaporomoka. Rangi ni ya mwisho kabisa, na pengine tusiipake mwaka huu.

Mjomba Fundi: Tena niseme wazi: kama lengo ni kuuza, pokeeni hizo milioni 8. Siku za fundi anayekata na kuchomelea hazirudi kwenye bei ya kuuzia. Kama ni ya kubeba magunia na wagonjwa miaka 10 ijayo, hapo inalipa, maana hakuna gari ya bei hiyo itakayofanya kazi ile kwenye mchanga.

Mama Mdogo: Ni ya kazi. Hatuuzi kama inapona. Sasa itajulikanaje kwamba inapona?

Mjomba Fundi: Nyundo ndogo, ya gramu 500. Gonga kila sentimita 5 kuanzia pembe za mbele hadi nyuma, chini na ubavuni. Chuma kizima kinalia na nyundo inaruka. Kilichooza kinatoa sauti ya debe lenye mchanga na nyundo inabaki pale pale. Hapo chomeka bisibisi. Msiruke mhimili wa nyuma unaofungiwa kamba ya kuvutia, mikono ya pembeni inayobeba bodi, makalio ya springi, na pale chesisi inapopinda kupanda juu ya ekseli ya nyuma. Vitatu vya kwanza vinakatwa na kubadilishwa. Hapo kwenye mpindo juu ya ekseli, bisibisi ikizama pande zote mbili, tunaacha. Uzito wote wa mzigo unapita hapo.

Mpwa Newala: Fundi wa huku anasema ataweka kiraka cha milimita 4 juu yake, itakuwa imara kuliko mwanzo.

Mjomba Fundi: Hapana. Bati nene likikaa juu ya bati lililooza, chesisi inapojipinda barabarani inapasuka ukingoni mwa kiraka. Na kutu iliyofunikwa inaendelea kula humo ndani. Unakata hadi chuma king'ae, unaweka bati la milimita 2 au 3, unachomelea mzunguko mzima. Kabla ya kuchomelea fungua nyaya za betri na za olteneta. Tangi lipo nyuma, lishushwe kabisa, kufunika na gunia bichi haitoshi. Ukimaliza, safisha ndani ya boksi kwa maji mengi, liache likauke siku kadhaa, kisha puliza nta ya kuzuia kutu. Oili chafu inasaidia lakini inaharibu bushi za mpira.

Mjomba Fundi: Na namba ya chesisi, kulia mbele, kipande hicho asikiguse mtu na grenda. Ikipotea, kadi na gari havitafanana.

Kaka Dar: Nimeelewa mjomba. Ukuta kati ya injini na dereva je?

Mjomba Fundi: Huo ni chuma pia. Nyanyueni mazulia mwangalie pa kukanyagia miguu, na pembe za juu chini ya kioo. Milango nayo fremu ni chuma, ngozi aluminiamu. Vikigusana penye maji ya chumvi aluminiamu ndiyo inayoliwa, ule unga mweupe chini ya mlango ndio huo. Wakati wa kufunga upya, pakeni rangi pande zote mbili na muweke mpira katikati.

Mama Mdogo: Injini?

Mjomba Fundi: 300Tdi, ya dizeli, lita 2.5. Ni injini nzuri, inaharibiwa na vitu viwili: mkanda wa taimingi, ule unaoendesha valvu, na joto. Chini ya kava ya mkanda kuna kitundu chenye kizibo. Fungua. Zikitoka nyuzi nyeusi, mkanda unajisaga pembeni kwa sababu puli hazijanyooka, tatizo linalojulikana la injini hizi. Inanunuliwa seti iliyorekebishwa, yenye mkanda, puli na tensheni, siyo mkanda peke yake. Ikitoka oili, kuna sili inavuja na mkanda hautadumu. Mkanda ukikatika barabarani fito za valvu zinapinda.

Mjomba Fundi: Joto sasa. Juu ya rejeta na kwenye nyumba ya themostati kuna vizibo vya plastiki. Vikizeeka vinapasuka, maji yanaisha bila dereva kuona, silinda hedi inapinda. Wekeni vya shaba, ni kitu kidogo sana. Na gasketi ndogo pembeni ya pampu ya maji ikaguliwe, inavuja taratibu. Hedi ikifunguliwa, hesabuni matundu kwenye gasketi ya zamani: 1, 2 au 3. Hayo ndiyo yanayoonyesha unene wake. Ukikosea, pistoni inagonga au mgandamizo unapungua.

Kaka Dar: Mimi nitapita maduka ya spea ya Gerezani, hapa Dar. Gia boksi?

Mpwa Newala: Ukiondoka inapiga "ko!" na ukirudi nyuma tena "ko!"

Mjomba Fundi: Inaweza kuwa kroos za propela, vile viungo vya shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli, jaribuni kwanza kuzizungusha kwa mkono. Zikiwa nzima, basi ni meno ya shafti inayotoka gia boksi kuingia boksi la 4WD, linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma. Yanakauka bila oili na kulika. Nyuma ya boksi kuna kifuniko, ondoeni, vuteni gia ya kuingilia. Ukiona unga mwekundu kama kutu, ndiyo yenyewe. Kaka, gia ya kubadilishia iwe ile yenye vitundu vya kupitisha oili. Isiyo na vitundu itarudia kosa lile lile.

Mama Mdogo: Nipe hesabu, kaka.

Mjomba Fundi: Makadirio yangu, dada: chesisi na ukuta milioni 4.5. Mkanda, maji na sili za injini 2. Shafti na gia 1.5. Breki, beringi na tufe za kromu zinazogeuzia magurudumu ya mbele 1.8, maana kromu yake ikishachimbika kwa chumvi inakata sili kila ukibadilisha. Mabomba ya breki yawe ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, ya chuma hayadumu Mikindani. Jumla 9.8. Zinabaki 2.2, na hizo msiziguse, kazi ya kutu lazima ifichue jambo.

Mama Mdogo: Natoa laki 2 za kuikagua tu. Hakuna kununua spea hata moja kabla nyundo haijapita. Mnunuzi mwambieni asubiri hadi Jumapili.

Kaka Dar: Sawa mama mdogo. Gerezani nitauliza bei tu.

Mjomba Fundi: Jumamosi saa 1 asubuhi nipo Mikindani na jeki 2 na magogo. Njomba, Ijumaa osha chini yote kwa maji baridi, ushushe tangi, dizeli iingie kwenye madumu yaliyofungwa. Na usimruhusu mtu kupaka oili chesisi kabla sijafika, itanifichia nyufa.

Mpwa Newala: Sawa mjomba. Nashuka Alhamisi na gari la mchana.