Mada: Nimepewa kipindi cha muziki wa klasiki wa kisasa redioni, nianzie wapi?

Kutoka: Dada wa Minneapolis

Wadau, habari za siku. Wakubwa shikamooni.

Kituo cha redio ya jamii hapa mtaani kwetu kimenipa muda wa saa mbili kila Jumapili, kuanzia saa nne usiku. Nilijaza fomu ya kujitolea nikijua wataniweka mapokezi. Kumbe aliyekuwa anaendesha kipindi cha muziki wa klasiki wa kisasa amehama mji. Nilipotaja kwamba nimekulia kwenye kwaya na kwamba simu yangu imejaa muziki wa watunzi kama Arvo Pärt na Steve Reich, wakanidaka hapo hapo.

Mitambo watanifundisha wenyewe. Ninachotaka ni mawaidha ya mtu wetu aliyewahi kukaa kwenye kiti hicho. Hakimiliki zikoje? Niongee kiasi gani? Na hii lafudhi yangu ya Moshi nifanyeje? Halafu mdogo wangu yuko Uingereza anasoma, naye anatamani kujitolea redioni. Viza yake haitamletea shida?

Kutoka: Kaka wa Houston

Dada hongera sana. Ila tuambiane ukweli, ule muziki violini inalia kama paka aliyebanwa na mlango, nani ataufungulia saa nne usiku na kesho yake ni kazi? Waombe kipindi cha zilipendwa. Wabongo wote wa Minnesota watakuwa wako.

Kutoka: Mzee wa Seattle

Marahaba dada. Kaka wa Houston, zilipendwa ziko kila kona ya intaneti. Redio ya jamii ipo kwa ajili ya vitu ambavyo redio za biashara hazivigusi. Redio ya KPFA ya Berkeley, California, ilianza mwaka 1949 kwa kutegemea michango ya wasikilizaji wenyewe, na muziki wa aina hii ulipata makao pale wakati wengine wanaukimbia. Tena si muziki wa kigeni kihivyo. Reich alikwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza ngoma, akarudi akatunga Drumming. Mtunzi mwingine, Ligeti, alikuwa akisikiliza rekodi za Afrika ya Kati kabla ya kuandika zile Études zake, yaani vipande vya mazoezi vya piano, miaka ya 1980. Na mwaka 1992 Kronos Quartet, kundi la wapiga nyuzi wanne la Marekani, walitoa albamu ya Pieces of Africa, ambamo yumo Justinian Tamusuza, Mganda kabisa, na kazi yake ya violini mbili, viola na selo iliyopewa jina la Kiganda. Dada, usiku wa kwanza fungua na Tamusuza. Hapo lafudhi yako inakuwa mali: useme jina hilo, Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, vizuri kuliko mtangazaji yeyote wa mji huo.

Sasa kazi yenyewe. Nimeendesha kipindi kama hicho miaka mingi na nakwambia muziki si tatizo, saa ndiyo tatizo. FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, inataka kituo kijitambulishe kila saa, karibu kabisa na saa kamili: herufi za kituo, kisha mji wa leseni. Wenzako wa hiphopu wanalimaliza hilo kati ya nyimbo mbili. Wewe ukiweka Music for 18 Musicians ya Reich, ambayo inakaribia saa nzima, utafika saa tano kamili bado marimba zinakimbia. Sheria inasema kitambulisho kisomwe penye mapumziko ya kawaida ya kipindi, kwa hiyo hulazimiki kuikata kazi katikati. Lakini usifanye mazoea. Mimi kazi ndefu naianza dakika mbili tatu baada ya saa kamili, nikishajitambulisha. Vipande vifupi vya dakika tano, saba, naviweka mwishoni mwa saa, maana ndivyo vinavyokubali kusogezwa. Andika muda wa kila kipande pembeni ya jina lake, tena muda wa rekodi uliyonayo mkononi, kwa sababu kazi ile ile okestra mbili huachana kwa dakika kadhaa.

La pili ni ukimya, na hili hawatakufundisha kwa sababu wengi wao hawajakutana nalo. Vituo vingi vina kifaa kinachosikiliza mawimbi. Kikiona kimya kimezidi muda uliopangwa, kinadhani mtangazaji kalala au waya umekatika, basi kinaingiza muziki wa akiba. Januari 2004, BBC Radio 3 iliporusha 4′33″ ya John Cage, ile ya mwaka 1952 ambayo wapigaji hawapigi noti hata moja, ilibidi wauzime mtambo wao wa dharura. Muulize fundi wenu kifaa chenu kinavumilia sekunde ngapi, na kimewekwa kiwango gani cha sauti, kwa sababu hata sauti ndogo sana kinaweza kuihesabu kuwa kimya. Kisha muulize habari ya kompresa. Ile mashine inayosawazisha sauti kabla haijafika kwenye mnara hupandisha vya chini na kushusha vya juu. Kwa mazungumzo inafaa. Kwa Morton Feldman, mtunzi wa muziki wa sauti ya chini sana, utasikia mpiga piano anavuta pumzi na kiti kinalia.

Nikupe mfano mmoja ujue nasema nini. Cantus ya Pärt, ile aliyomwandikia marehemu Benjamin Britten, mtunzi wa Uingereza, mwaka 1977, inaanza kwa kengele peke yake, polepole, violini zinaingia zikishuka ngazi baada ya ngazi hadi zote zinakutana kwenye mpatano mmoja mzito wa sauti. Mwishoni kabisa kengele inagongwa tena, lakini kwa upole, huku nyuzi bado zinanguruma, kwa hiyo huisikii. Nyuzi zikikatika ndipo mlio wake unapojitokeza na kuanza kufifia. Mtangazaji mwenye haraka anafungua maikrofoni pale nyuzi zinapokatika, "na huyo alikuwa Arvo Pärt...", kengele imekwenda na maji. Mkono ukae mbali na fada, kile kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti, mpaka mlio uishe wenyewe, ndipo uvute pumzi, ndipo useme.

Kuhusu kuongea: kabla ya kipande sema jina la mtunzi, mwaka, na kitu kimoja cha kusikilizwa. Kimoja tu. Wasifu wa mtunzi waachie wenyewe wautafute. Majina yasikutishe, sisi wenye irabu tano safi tuna nafuu. Takemitsu unaisoma ilivyo. Saariaho nayo hivyo hivyo, ila mkazo uuweke mwanzoni. Penderecki tamka Penderetski. Ligeti mkazo uko kwenye Li, si kwenye ge kama ambavyo ulimi wetu utataka.

Hakimiliki: watunzi hawa wengi wako hai au wamefariki juzi, kwa hiyo karibu kila kitu kina mwenyewe. Mirabaha inalipwa na kituo, si wewe. Lakini kama kituo chako ni cha nguvu ndogo, zile leseni zilizoanzishwa mwaka 2000 za mtambo usiozidi wati 100, mawimbi yanafika kilomita tano sita tu na wengi watakupata kwa intaneti, na huko masharti ni mengine. Ndani ya saa tatu usipige zaidi ya traki tatu za albamu moja, wala zaidi ya mbili mfululizo, na usitoe mapema ratiba ya traki utakazopiga. Simfonia ya sehemu nne kwenye albamu ni traki nne. Mwulize msimamizi wa vipindi wao wanaihesabuje kabla hujaipanga. Na kwenye fomu ya ripoti, sehemu ya msanii andika aliyepiga, usiandike mtunzi. Upande wa intaneti pesa ya rekodi inakwenda kwa mpigaji na mwenye rekodi.

Kutoka: Dada wa Leeds

Kwa mdogo wako, dada. Huku wanatenganisha kujitolea kwa hiari na kazi isiyo na mshahara. Hiyo ya pili, yenye makubaliano na zamu za lazima, inahesabiwa ndani ya zile saa 20 za wiki za mwanafunzi wa digrii wakati wa masomo. Ya kwanza haihesabiwi. Kwa hiyo aombe kituo kimwandikie barua inayoeleza anafanya nini, aipeleke ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake kabla hajagusa swichi. Na akishajulikana sauti, watu wataanza kumwita asherehekeshe harusi kwa bahasha. Hapo ni kujiajiri, na viza ya masomo hairuhusu. Akatae.

Kama yuko karibu na London asikilize redio ya Resonance, wako hewani tangu 2002, ajue watu wanafika wapi na muziki wa aina hii.

Kutoka: Dada wa Minneapolis

Asanteni mno, mzee nimechapisha ujumbe wako kwenye karatasi. Swali la mwisho. Kuna mama wa Kitanga ana mgahawa hapa, anataka kudhamini kipindi. Naruhusiwa kumtaja?

Kutoka: Mzee wa Seattle

Unaruhusiwa, ila pesa zipite kwa kituo, na maneno wayaone kwanza. Jina la mgahawa, mtaa uliopo na anachouza, basi. Bei hapana, "pilau bora mjini" hapana, "njooni" hapana. Kitu kama hiki kinapita: "Kipindi hiki kinadhaminiwa na mgahawa fulani, ulioko mtaa fulani, wenye pilau, samaki wa kupaka na mahamri."